Uzuri Unaopimwa kwa Mgongo

Mbuzi ya nazi haina sura ya kuvutia jicho. Ni kibao kifupi chenye miguu ya kukunja, na mbele yake kimechomoza chuma chenye meno. Ukikiona kimeegeshwa ukutani jikoni hutasimama kukitazama. Usanifu wake unaonekana mtu anapokikalia. Uzito wa mkaaji ndio unaokituliza kisiteleze, mikono yote miwili inabaki huru kushika kifuu, na nguvu ya kukuna inatoka mgongoni ikapitia mabegani hadi kwenye viganja, badala ya kuachiwa vidole peke yake. Mkunaji mzoefu hatazami sana anachofanya. Anasikia, kwa sikio na kwa kiganja, pale nyama laini inapokaribia kwisha na meno kuanza kugusa ugumu wa kifuu, naye hugeuza upande kabla nazi haijaingia chembe za kahawia. Anayejifunza hukaza mabega na kusukuma kwa vidole, na nazi moja humchosha kuliko tano zinavyomchosha mama yake.

Je, katika kazi hiyo pana uzuri wowote, au pana manufaa tu? Wengi wetu tumelelewa kujibu kwamba uzuri uko kwenye mlango wa nakshi wa Lamu na kwenye ushanga wa Kimaasai, na kwamba mbuzi ni chombo cha kazi basi. Jibu hilo linaweka uzuri mahali jicho linapofika na kuuondoa kila mahali pengine. Uchambuzi huu unakwenda kinyume chake. Sehemu kubwa ya uzuri na ubaya wa maisha ya kila siku hutufikia kupitia ngozi, misuli, pumzi na mizani ya mwili, na msanifu asiyejua kuusikiliza mwili anatengeneza vitu akiwa amekosa habari nusu nzima.

Hoja hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1934 mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alichapisha Art as Experience, kitabu ambacho hakianzi na makumbusho wala michoro mashuhuri. Kinaanza na gari la zimamoto linalopita kwa kasi, mchezaji anayemvutia mtazamaji kwa wepesi wa mwili wake, mtu anayechochea kuni mekoni. Dewey alitaka kuonyesha kwamba sanaa inachipuka katika mambo hayo hayo ya kawaida yanapofanywa na kuhisiwa kwa ukamilifu. Miaka kumi na moja baadaye Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake kikubwa juu ya utambuzi kilichotoka Ufaransa mwaka 1945, alieleza jinsi fimbo ya kipofu inavyoacha kuwa kitu mkononi na kuwa sehemu ya mwili wenyewe: kipofu anahisi ardhi kwenye ncha ya fimbo, haihisi fimbo kiganjani. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye mzigo wa mkaa au kupiga kasia analijua jambo hilo bila kusoma falsafa. Na mwaka 2007 Yuriko Saito, katika Everyday Aesthetics, aliongeza onyo lenye uzito: uamuzi mdogo mdogo wa watu juu ya kipi ni safi na kipi kinapendeza, ukijumlishwa, ndio unaoamua tunachotupa, tunachonunua na namna tunavyoyatendea mazingira. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo jepesi.

Lakini kusema kwamba mwili unajua hakutoshi. Unajuaje, na je, ujuzi huo unaweza kufundishwa? Hapo ndipo mchango wa Richard Shusterman unapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanafalsafa huyu Mmarekani alipendekeza tawi la ujumi linalouweka mwili hai, unaohisi na kutenda, katikati ya uchunguzi wa uzuri. Aliliita somaestetiki. Jambo la pekee kwake ni kwamba hakuishia kwenye nadharia. Alisomea na kuhitimu kufundisha njia ya Moshé Feldenkrais, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1904, mwanajudo, aliyeanza kuchunguza mwendo wa binadamu kwa kuhangaika na goti lake lililoumia. Dewey naye, kabla yake, alikuwa mwanafunzi wa F. M. Alexander, mwalimu wa mkao na mwendo, na akamwandikia dibaji za vitabu. Sioni hilo kama sadfa. Watu hawa walirekebishwa shingo na mabega, na kutokana na mazoezi hayo wakashawishika kwamba kuuhisi mwili ni ustadi kama kusoma noti za muziki. Asiyeufanyia mazoezi anao kwa kiasi kidogo tu.

Katika usanifu, mahali ambapo wazo hili limefanyiwa kazi kwa kina ni Stockholm, katika chuo kikuu cha KTH, chini ya Profesa Kristina Höök. Kitabu chake, Designing with the Body, kilitoka mwaka 2018. Yeye na wenzake ni wasanifu wa vifaa vya kidijitali, taaluma ambayo kwa miaka mingi ilimchukulia mtumiaji kuwa jicho moja na kidole kimoja mbele ya skrini. Walichofanya ni kuanzia mahali pengine kabisa. Walilala chini na kufundishwa masomo ya Feldenkrais na mwalimu, tena na tena: kuinua bega moja polepole mno, kulishusha, kupumzika, kisha kulinganisha upande uliofanya kazi na ule ambao haukufanya. Anayejaribu zoezi hilo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona upande mmoja umekuwa mrefu, mzito na mpana kuliko mwingine, ingawa hakuna aliyemgusa.

Kutokana na mazoezi hayo vilizaliwa vitu viwili vinavyostahili kuelezwa. Cha kwanza ni godoro jembamba lenye vipasha joto ndani yake. Mtu analala, sauti inamwelekeza azingatie kisigino, kisha paja, kisha bega, na joto linapanda taratibu chini ya kiungo hicho hicho, likiuvuta usikivu wake hadi pale. Cha pili ni taa inayoning'inia juu ya kifua cha aliyelala, imezungukwa na pazia laini linalomfungia ndani ya nafasi ndogo kama chandarua. Kitambuzi kinasoma kifua kinavyopanda na kushuka, na mwanga unaongezeka na kupungua pamoja na pumzi.

Ukivisikia vikisimuliwa hivi, waweza kudhani ni starehe za watu wenye nafasi. Kwa mawazo yangu thamani yake iko katika maamuzi yaliyofanywa njiani. Joto lingeweza kuwa mtetemo, kwa kuwa vitetemeshi ni rahisi na vimo ndani ya kila simu. Lakini mtetemo unashtua. Unamwita mtu atoke ndani ya mwili wake aangalie kuna nini. Joto huchukua muda kupanda na muda kushuka, na uzito huo wa mwendo, ambao mhandisi angeuhesabu kuwa kasoro, ndio uliofaa, kwani usikivu wa mtu aliyelala nao unasogea polepole. Taa nayo ilihitaji kuwa hafifu kiasi cha kutomshurutisha mtu kupumua kwa namna fulani. Ikiwaka kwa nguvu inakuwa mwalimu mkali, na mtu anaanza kupumua kwa ajili ya taa. Hakuna mchoro wala jedwali la vipimo ambalo lingeyatoa majibu hayo. Ilibidi kila mmoja katika kundi alale, ahisi, aamke, waseme, wabadilishe kidogo, walale tena.

Linganisha na saa za mkononi zinazohesabu hatua. Nazo ni vifaa vya mwili, na zinauzwa kila kona. Lengo la hatua 10,000 ambalo zimelieneza duniani lina asili ya kibiashara: lilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kikiwa kimebeba namba hiyo katika jina lake. Saa inamwambia mtu amefika au hajafika. Haimsaidii kutambua kwamba anatembea akiburuta mguu wa kushoto, au kwamba kufikia jioni mabega yake yamepanda hadi masikioni. Namba ina kazi yake, na mgonjwa wa shinikizo la damu anaihitaji. Ila mtu anayeambiwa na kifaa jinsi alivyolala kabla hajajiuliza mwenyewe anahisi vipi amekabidhi hukumu ambayo ilikuwa yake.

Sasa, ustadi huu wa kuuhisi mwili unajengwaje na msanifu ambaye hana mwalimu wa Feldenkrais jirani? Njia kuu ni kulifanya jambo la kawaida liwe geni. Mwili uliozoea hauripoti. Unapanda ngazi, unafungua mlango, unachota maji, na taarifa zote hizo zinapita kimya. Wasanifu hutembea kwa mwendo wa polepole kupindukia, hufunga macho, hutumia mkono wasiouzoea, hurudia tendo moja hadi vipande vyake vionekane. Jaribu kufungua bomba la maji la kubonyeza kwa mkono wa kushoto huku umebeba mtoto kiunoni, na ndani ya dakika moja utajua mambo ambayo mchoro wa bomba hilo ulikuficha.

Njia ya pili ni kuchora. Kabla na baada ya zoezi, mshiriki hupewa umbo tupu la mwili kwenye karatasi, apake rangi na alama pale anapohisi kitu: uzito, baridi, wepesi, ganzi. Maneno yanakuja baadaye yakifuata mchoro. Afrika ina historia yake katika njia hii, na inasikitisha inavyosahaulika katika mijadala ya usanifu. Mwaka 2002, huko Khayelitsha pembeni mwa Cape Town, kundi la wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI lililoitwa Bambanani lilifanya kazi na msanii Jane Solomon kuchora miili yao kwa ukubwa wake halisi. Mmoja alilala juu ya karatasi, mwingine akafuatisha umbo lake kwa kalamu, kisha wakajaza ndani makovu, dawa, uzazi, hofu na nguvu zao. Ilikuwa wakati ambao matibabu ya kupunguza makali ya virusi yalikuwa bado hayajatolewa kwa wananchi wote wa Afrika Kusini, na michoro ile ilikuwa kumbukumbu, ushahidi na madai kwa pamoja. Msanifu anayetumia karatasi zenye umbo la mwili leo angefaa kujua kwamba chombo chake kimebeba mambo mazito kuliko kupima kama kiti kinakalika vizuri.

Na sisi hatuna haja ya kungoja maabara. Pwani yetu imejaa vitu vilivyosanifiwa na miili mingi kwa vizazi vingi. Chukua baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu. Picha za watalii huonyesha milango na kuziacha baraza pembeni. Lakini aliyekaa pale alasiri anaujua ubaridi wa chokaa kwenye mapaja na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe ukiuegemeza mgongo. Mtaa ni mwembamba kiasi kwamba jua halifiki chini kwa sehemu kubwa ya siku, na aliyekaa upande huu anazungumza na wa upande wa pili bila kupaza sauti. Mvua kubwa ikinyesha na mtaa kujaa maji, baraza zile zile zinakuwa njia ya kupita kwa miguu. Kimo chake, upana wake na umbali kati yake vinaamua nani anasalimiana na nani. Huo ni usanifu wa hisi, na hadhi ya urithi wa dunia, iliyopewa Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, haiwezi kuulinda endapo baraza itabaki kuwa umbo la kutazamwa na mahali pa kupanga bidhaa.

Upande wa mambo mapya, upo mfano Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vikuu vilijengwa sakafu ikiwa sawa na sakafu ya basi. Abiria anaingia kama anavyoingia sebuleni. Kwa kijana mwenye magoti mazima hilo halionekani kabisa. Kwa bibi mwenye kapu, kwa mjamzito, kwa mwenye kiti cha magurudumu, ile hatua iliyoondolewa ni tofauti kati ya kusafiri na kubaki nyumbani. Aliyewahi kupanda kipanya, ile daladala ndogo, akainama shingo tangu mlangoni, akakunja magoti dhidi ya kiti cha mbele na kushuka akiwa na ganzi, mwili wake unaitambua tofauti hiyo kabla hajaitolea maoni. Lakini mwili huo huo unahukumu pia ratiba. Basi likichelewa na kituo kikafurika, sakafu iliyonyooka inapoteza maana, kwa kuwa watu wanaingia kwa kusukumana. Usanifu unaosikiliza mwili hauwezi kuishia kwenye kiti na mlango. Unafika hadi kwenye idadi ya mabasi na muda wa kusubiri, yaani kwenye maamuzi yanayofanywa ofisini na watu waliokaa kwenye viti vizuri.

Hapo tunafika kwenye pingamizi kubwa zaidi dhidi ya njia hii nzima: mwili wa nani? Msanifu anayejisikiliza anasikia mwili mmoja. Akiwa mrefu, mwenye afya na aliyeshiba, atatengeneza dunia ya warefu wenye afya walioshiba, tena kwa kujiamini zaidi kwa sababu ameihisi mwenyewe. Pingamizi hili ni la kweli, na kukimbilia wastani hakulijibu. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063 ili kurekebisha vyumba vya kuendeshea ndege. Luteni Gilbert Daniels alichukua vipimo kumi na kuuliza ni marubani wangapi wanaangukia kwenye wastani katika vyote kumi. Hakupatikana hata mmoja. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani hakikumfaa yeyote, na suluhisho likawa viti na vidhibiti vinavyoweza kusogezwa.

Njia yenye tija zaidi imekuwa kuanzia kwenye mwili uliosahaulika. Visu vya kumenyea vya kampuni ya OXO, vilivyoingia sokoni mwaka 1990, vilitokana na Sam Farber kumwona mkewe Betsey, mwenye ugonjwa wa viungo, akipata tabu na kimenyeo chembamba cha chuma. Mpini ulionenepeshwa kwa mpira laini ulimfaa Betsey, na ukawafaa pia mamilioni ambao vidole vyao havina tatizo lolote. Kiganja chenye maumivu kilikuwa na taarifa ambazo kiganja kizima hakikuwa nazo.

Lakini kuna tabaka la chini zaidi, ambalo wapenzi wa somaestetiki hulipita haraka. Hisia za mwili zenyewe zimeshafundishwa na jamii. Mwandishi Frantz Fanon alilieleza jambo hilo mwaka 1952 kwa upande wa mtu mweusi ambaye macho ya wengine yanamfanya ahesabu kila mwendo wake. Mwanafalsafa Iris Marion Young alilieleza mwaka 1980 kwa upande wa wasichana waliofunzwa kutumia nafasi kidogo kuliko miili yao inavyoweza. Mtu akiambiwa ausikilize mwili wake, huenda akasikia amri za kale zikisema kwa sauti ya misuli.

Mfano ninaoona una nguvu kuliko yote ni jembe. Katika mashamba ya saladi na viazisukari ya California, vibarua, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilazimishwa kupalilia kwa jembe lenye mpini usiozidi futi mbili, waliloliita el cortito. Siku nzima waliinama hadi kiuno kikawa juu kuliko kichwa. Wenye mashamba walidai mpini mfupi unaleta umakini, kwamba mrefu ungeharibu miche. Faida nyingine ilijulikana na kila mtu shambani: msimamizi akitupa jicho mara moja tu alimwona aliyenyooka, na aliyenyooka alihesabiwa mvivu. Wakili Maurice Jourdane, aliyekuwa akitoa msaada wa kisheria kwa vibarua hao, alilishika jembe lile mwenyewe. Mgongo wake ulimwambia kitu, na kwa mtetezi wa njia ya Stockholm huo ungekuwa mwanzo mzuri. Usingetosha peke yake. Ushahidi uliokuwa na uzito ni wa migongo iliyoharibika kwa miaka mingi, ukathibitishwa na madaktari, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku katika jimbo hilo. Saladi ziliendelea kulimwa, kwa mpini mrefu.

Barani kwetu jembe la mpini mfupi bado lipo mikononi mwa wanawake wengi. Utafiti wa mashirika ya Umoja wa Mataifa FAO na IFAD wa mwaka 1998 juu ya zana za wakulima wanawake katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ulikuta kwamba katika baadhi ya maeneo mpini mrefu unakataliwa kwa sababu ile ile ya msimamizi wa California: mwanamke anayelima akiwa amesimama anaonekana mvivu. Mtazamaji aliye barabarani anaona uzuri katika mgongo ulioinama, anauita bidii. Mwenye mgongo anahisi kitu kingine kila jioni anapojinyoosha, na pengine hajawahi kuulizwa, au ameulizwa mbele ya watu ambao hawezi kuwajibu ukweli. Msanifu akija kijijini na mpini mzuri uliopimwa kwa uangalifu, utaishia uvunguni mwa kitanda iwapo hajakaa na akina mama hao peke yao, wakalima naye kwa mpini huu na ule, wakachora wanapoumia, na wakaamua wenyewe watawaambia nini waume zao na wakwe zao.